Mzee Chupa, Mwanahistoria wa Dawa za Uongo

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Chupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1976 akahitimu shahada ya historia.

Alifundisha chuo kikuu hadi alipostaafu mwaka 2011. Kazi aliyojipa ilikuwa kuandika historia ya matapeli wa tiba, wale waliouza maji ya rangi kwa jina la dawa. Chupa zao zilijaa ofisini, zikahamia nyumbani. Mwalimu wa hesabu aliyemwoa mwaka 1978 alizivumilia kila mahali isipokuwa chumbani. "Humu sitaki wake wenza," alimwambia.

Alijua kuwaigiza wauzaji hao. Mwaka 1989, katika mhadhara wa wazi, alimwigiza mmoja vizuri mno, ukumbi ukacheka hadi machozi. Alipomaliza, mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa mgongoni akaja kununua. Marehemu alimweleza kwamba ule ulikuwa mzaha, akamsihi aende hospitali. Mama alidhani ananyimwa.

"Kama huniuzii, nitamtafuta anayeuza," akasema, akatoka.

Marehemu alimkimbilia hadi barabarani, asimwone. Alimtafuta miaka mingi, sokoni na kwenye zahanati. Hakuigiza tena. Mtoto akilia kwa jirani, marehemu aliacha kula, akasikiliza mpaka anyamaze.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini. Siku za mwisho homa ilimrudisha jukwaani. Akiwa kitandani alinadi dawa kwa sauti ile ya zamani, laini, yenye uhakika, akiiahidi wodi nzima kwamba itaamka salama. Wodi ikatulia kumsikiliza. Mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha pili alimsogelea mke wa marehemu, akamuuliza kwa kunong'ona dawa hiyo inapatikana wapi.

Mkewe naye alikuwa ameanza kuamini. Kisha akamshika mkono.

"Haipo, mwenzangu. Ingekuwepo, ningekuwa nimeshampa."

Wakakaa pamoja mpaka sauti ikaisha. Marehemu alifariki kesho yake mchana, tarehe 2 Juni.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja.

Mungu amjalie utulivu alioukosa, apumzike kwa amani.