Mama Challe wa Mapokezi, Aliyekataa Karida Akaomba Bomba la Maji

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi Edina Challe, ambaye hapa kazini na Mbinga mjini kote anaitwa Mama Challe, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kwenye dawati la mapokezi na malalamiko la wakala wa magari ya Karida. Alianza mwaka tawi lilipofunguliwa. Sisi wengine tulikuja, tukapanda vyeo, tukahamia ofisi za nyuma zenye milango ya kufunga. Yeye alibaki mbele, akimpokea kila aliyekuja amekasirika. Ukitaka kujua wenye magari wanaionaje Karida, usiulize idara ya mauzo. Mauzo naongoza mimi, najua ninachosema.

Kwa walioajiriwa juzi, historia kidogo. Kiwanda cha Karida, huko ng'ambo, kilianza kwa kutengeneza pampu za kumwagilia mashamba, kisha pikipiki za magurudumu matatu. Mwanzilishi wake alitaka kumuuzia gari mtu ambaye katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuwa nalo. Wazo zuri, na mimi niliyeanza maisha kwa kuosha magari ya watu pale Kitai siwezi kulicheka. Akanunua mitambo iliyotupwa na kampuni kubwa, akatoa gari dogo la milango minne kwa nusu ya bei ya mengine. Lakini ukishajulikana kwa bei tu, kila toleo jipya lazima lipungukiwe kitu. Toleo la pili lilikuja na waipa moja. La tatu lilikuja na tairi la akiba jembamba, utadhani la bodaboda. La nne, wakaondoa mshale wa joto la injini kwenye dashibodi, wakaweka taa nyekundu. Mshale humwonya dereva mapema. Ile taa huwaka maji yakiwa yameshachemka.

Na toleo la nne ndilo tuliloliuza kuliko mengine yote kwa pamoja.

Halafu kuna habari ya gunia. Karida haipendi baridi, na baridi ya Mbinga mnaijua. Tangu mwanzo idara yangu imekuwa ikiwashauri wateja wafunike boneti usiku kwa gunia la kahawa, na asubuhi waliache limechomekwa mbele ya rejeta mpaka injini ipate moto. Kwa mtu anayeishia Mbuji, huku huku kwenye baridi, ushauri huo hauna ubaya. Tatizo ni yule anayeshuka Ziwa Nyasa. Anaondoka huku kwetu akitetemeka, anafika Mbamba Bay jua linawaka, anapakia usipa, wale dagaa wa ziwani, anaanza kupandisha mlima, na gunia bado limo. Mkulima wa kahawa haoni gunia kama kitu cha ajabu kwenye gari. Kwake, gari bila gunia ndilo lina kasoro.

Ndiyo maana Mama Challe alikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa katika majukumu yake. Gari lolote la mteja likiwashwa uani kwetu, alitoka barazani na kuuliza, "Umevua gunia?" Wapita njia wakalidaka. Leo hii Mbinga ukikutana na mtu kajifunika koti zito wakati jua limeshatoka, unamuuliza kama amevua gunia. Bwana harusi mmoja aliulizwa hivyo na wajomba zake mlangoni mwa kanisa.

Malalamiko aliyopokea yangejaza kijarida hiki kwa miaka mingi. Mzee Pankras Ndunguru wa Mbuji, kama wengi wetu huku, alilipeleka gari lake parokiani likabarikiwe siku aliyolinunua. Alipolirudisha kwetu mara ya tatu ndani ya msimu mmoja wa kahawa, aliegemea dawati akasema, "Mama, padre alilinyunyizia maji ya baraka, hayakusaidia. Safari hii nakwenda kumwomba mpako wa wagonjwa." Mama Challe akamjibu, "Shikamoo, baba. Nenda, ila vua gunia kwanza, padre asije akadhani umeleta zaka." Mzee akacheka, na mtu aliyecheka hawezi tena kupiga meza.

Wapo waliotusifu, na haki yao isipotee. Mwalimu Glorious, anayefundisha Litumbandyosi, alikuja siku moja kununua plagi akawakuta wateja wawili wanaisema Karida vibaya. "Nyie ichekeni," akawaambia. "Baba yangu amekufa hajawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Mama yangu leo anakaa, na redio anapunguza mwenyewe." Na ni kweli inakula mafuta kidogo, na fundi baiskeli mwenye akili anaweza kuifungua na kuifunga. Bei ile ile ndiyo ilimpa mama wa mwalimu kiti, na bei ile ile ndiyo iliyotupa taa badala ya mshale. Nimeuza magari haya maisha yangu yote ya kazi na sijapata namna ya kuyatenganisha hayo mawili.

Lakini siku tusiyoisahau ni ya Bi Bonifasia, mfanyabiashara wa usipa kutoka Mbamba Bay. Karida yake ilichemka mlimani ikiwa imejaa mzigo, akalala hapo hapo. Kesho yake jioni aliingia mapokezi na tenga moja la usipa uliooza, akalipachika juu ya dawati. "Kuleni nyie," akasema. "Songea wamekataa." Idara nzima ya mauzo, pamoja na kiongozi wake, ilikumbuka ina kazi za nyuma. Mama Challe alimsemesha Kinyasa, akamkalisha, akamchemshia chai, akalibeba tenga kwa mikono yake hadi nje, akarudi kupiga deki. Harufu ilikaa wiki nzima na mkurugenzi wetu, Bwana Ladislaus Kapinga, wiki hiyo alifanyia kazi nyumbani.

Mahali alipolala Bi Bonifasia ndipo penye mkasa wa kustaafu kwa Mama Challe. Ni kona moja ya mlima ule, ukitokea ziwani. Karida nyingi zikifika hapo hutoa mvuke. Miaka mingi iliyopita akina mama wa kijiji cha jirani walianza kuteka maji bondeni na kuja kuwauzia madereva kwa dumu. Wakaja wauza mihogo, baadaye mabasi yakaanza kusimama. Kituo kikapata jina: Kwa Karida. Utingo analitangaza kwa sauti, na abiria wote wanajua kwa nini panaitwa hivyo.

Mama Challe ni mtu wa Liuli, Mwanglikana wa pwani ya ziwa, na kila Krismasi na kila Pasaka amepita hapo kwenda kwao. Siku za karibuni ametuambia kwamba basi likikaribia hiyo kona, alikuwa akivuta kitenge na kufunika sare yake ya kazi, ile yenye nembo ya Karida kifuani, ili abiria wasiione. Tulicheka aliposema. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu kila aliyekuwa chumbani alikuwa na kitenge chake. Mimi nina koti. Nalivaa hata Mbamba Bay, kwenye joto lile.

Oktoba mwaka jana alikuja mgeni kutoka kiwandani. Mkurugenzi aliamua kumwonyesha ziwa, na Mama Challe akaenda nao kama mwenyeji wa huko. Walitumia gari jipya kabisa, la maonyesho, lisilo na gunia. Wakati wa kurudi, kwenye kona ile ile, taa nyekundu ikawaka. Muuza maji mmoja, Bi Tadea, akaja na dumu lake kabla hata boneti haijafunguliwa. Mgeni akauliza mahali hapo panaitwaje. Akaambiwa Kwa Karida. Akafurahi sana. Akauliza kama ni kweli wananchi wamelipenda gari lake kiasi cha kuita mahali kwa jina lake, na mkurugenzi wetu akasema ndiyo. Mgeni akampa simu dereva, akasimama kando ya mvuke, mkono mmoja begani kwa Bi Tadea, akapigwa picha. Bi Tadea alimgeukia Mama Challe akamuuliza kwa Kinyasa kama huyu ndiye Karida mwenyewe, maana alikuwa na mambo ya kumwambia. Mama Challe alivuta kitenge hadi shingoni. Swali lile hakumtafsiria mgeni.

Mwezi uliofuata tulikutana kupanga zawadi yake ya kustaafu. Mnaijua desturi yetu: anayestaafu anapewa Karida. Waliopewa kabla yake walikuwa watatu, na wote waliziuza kabla kahawa ya mwaka ule haijaiva. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alikuwa ameshaanza kuuliza anapenda rangi gani. Mama Challe akasimama, akasema anashukuru, ila anaomba asipewe gari. Anaomba ofisi ivute maji ya chemchemi iliyo juu ya barabara hadi pale Kwa Karida, iweke bomba, benchi na paa, na akina Bi Tadea wakabidhiwe wapasimamie.

Mkurugenzi akasema, "Mama Challe, hapo unatuvua nguo."

"Nguo zilishavuliwa, baba," akasema. "Mimi naomba maji."

Bwana Ladislaus alikataa, na si kwa uchoyo. Alisema kujenga bomba pale ni kutangaza kwa saruji kwamba magari yetu yanachemka. Akampa uchaguzi wa jokofu, kisha wa bati za nyumba nzima. Mama Challe akasema nyumba yake ina bati na samaki anakula wabichi. Akaongeza kwamba atapita kona ile mpaka atakapozikwa, na hataki kuzeeka akiwa amejifunika. Kama ofisi haiwezi, basi asifanyiwe sherehe, atachukua mkoba wake aondoke kwa basi. Tukaachana hivyo, na Desemba nzima wafanyakazi walimkwepa mkurugenzi, naye akawakwepa.

Januari kiwanda kilituletea kalenda za mwaka mpya. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa mgeni wetu anatabasamu, mvuke nyuma yake, na Bi Tadea uso umekunjamana. Chini yake maandishi makubwa yalisema kwamba huko Tanzania gari hili limependwa mpaka likapewa mahali pake. Tuliitundika mapokezi kama tulivyoagizwa. Wateja waliiona. Mzee Pankras aliketi chini sakafuni, akacheka mpaka akaomba maji, na aliyempa maji alikuwa Mama Challe, bila kucheka. Bi Bonifasia alikuja kutoka Mbamba Bay kuiangalia tu. Aliitazama kwa muda, kisha akamuuliza mkurugenzi, aliyekuwa amesimama hapo hapo, "Na usipa wangu mbona hamkuupiga picha?"

Mkurugenzi aliitundua kalenda kwa mkono wake, akaikunja. Akasema, "Mpeni maji yake." Kwa kiongozi kusema hivyo mbele ya wateja si jambo dogo, nami nampa heshima yake.

Kazi ilianza mvua zilipopungua. Maji yanateremka yenyewe kutoka juu. Kwa kampuni iliyozaliwa na pampu, hatukuhitaji hata moja. Benchi linachukua watu wanane. Tulijadili kibao kiandikwe nini. Wengine walitaka jina la ofisi, wengine jina la Mama Challe. Yeye alisema kisiandikwe jina lolote, kiandikwe tu: VUA GUNIA. Ndivyo kilivyoandikwa.

Tunamshukuru Mama Challe kwa kukaa mbele miaka yote ambayo sisi tulikaa nyuma. Tunamshukuru kwa chai aliyowachemshia watu tuliowakasirisha sisi. Wakala utaendelea kuuza Karida, maana Mwalimu Glorious na wenzake bado wapo, na idara yangu kuanzia sasa itamwambia kila mteja habari ya ile taa kabla hajalipa. Mauzo yatapungua, nimeshapiga hesabu. Yapungue. Nenda salama Liuli, mama yetu. Ukae na wajukuu, ule samaki wako wabichi, na ukipita kwa basi kona ile, kitenge kikae begani tu.

Mwisho ni taarifa kwa watakaomsindikiza. Msafara utaondoka uani kwetu asubuhi ya tarehe 30, kwa magari yetu wenyewe, kwa kuwa mengine hatuna. Mama Challe ameomba asafiri na sare yake, nembo ikionekana, na kamati imeamua wote tuvae vivyo hivyo, bila koti. Itakuwa baridi, kwa hiyo kila dereva ahakikishe amevua gunia kabla hatujaanza kushuka. Tutakapokuwa tunarudi, tutasimama Kwa Karida. Bi Tadea ameshaarifiwa idadi ya magari, na amesema bomba litakuwa wazi.

Urbani Mbunda
Idara ya Mauzo, kwa niaba ya wafanyakazi wote