Verna Kapulani Pāhia na Poi ya Siku ya Tatu (1949–2024)

Anti Verna, kama wengi mliokusanyika hapa mlivyozoea kumwita, alizaliwa Jumatatu tarehe 2 Mei 1949 huko Keʻanae, kisiwani Maui, Hawaii, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Josiah Kahalewai na Bi Hester. Baba yake alilima magimbi kwenye majaruba ya maji. Mama yake aliyachemsha na kuyaponda mpaka yakawa poi, ule uji mzito ulioliwa kwao asubuhi, mchana na jioni. Poi ya leo walipewa wageni. Ile ya siku ya tatu, iliyochacha ikawa inachoma ulimi kidogo, waliigombea watoto. Dada yake, Miriama, anasema Verna ndiye aliyekuwa akishinda, kwa sababu alikuwa na viwiko vikali.

Shule ya msingi alisoma hapo hapo Keʻanae. Mwaka 1963 akapelekwa sekondari Wailuku, akikaa kwa shangazi yake. Siku moja mwalimu wa biolojia aliagiza kila mwanafunzi alete kitu chenye uhai wakitazame kwa hadubini. Wenzake walileta sisimizi na konokono. Verna alileta poi kwenye kopo la maziwa. Mwalimu alicheka, akachungulia, kisha hakucheka tena, maana vijidudu vilikuwa vimejaa tele.

"Hiki ndicho mnachokula nyumbani?"

"Kila siku, mwalimu. Na tumbo haliniumi."

Kwa nini lisimuume? Swali hilo halikumwacha alale, likamvusha bahari mpaka chuo kikuu mjini Seattle, Marekani bara, ambako Juni 1972 alipata shahada ya sayansi ya vijidudu.

Septemba mwaka huo huo aliajiriwa na kaunti kuwa bibi afya hapa Tacoma, mkaguzi wa majiko ya mikahawa, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa. Wapishi walimwogopa. Aliingia na kipimajoto mfukoni, akainama chini ya meza ambako mwenye mgahawa mwenyewe hakuwahi kuinama. Lakini jioni, baada ya kazi, bibi afya huyo huyo alikuwa mtu aliyekosa chakula cha kwao. Palipokuwa na kibao kilichoandikwa Hawaii, aliingia. Alipewa nyama ya nguruwe yenye duara la nanasi juu yake. Alipewa wanga uliotiwa rangi ya zambarau, akaambiwa ni poi. Mahali pamoja kando ya barabara kuu, mhudumu aliyevaa sketi ya nyasi za plastiki alimwekea sahani yenye kimwavuli cha karatasi.

"Hivi ndivyo wanavyokula kule, mama."

"Kule wapi, mwanangu?"

"Hawaii."

"Ahaa. Mimi nilikaa huko miaka kumi na minane tu," akajibu Verna. "Labda sikuzunguka vizuri."

Alikula hivyo miaka kumi na mmoja. Jumatano tarehe 12 Oktoba 1983 alitumwa kukagua mgahawa mpya uliofunguliwa kwenye iliyokuwa karakana ya matairi. Mwenyewe alikuwa Solomon Pāhia wa Hanalei, kisiwani Kauaʻi, aliyewahi kuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Jiko lilikuwa safi. Nyuma ya mlango, juu ya rafu, Verna akaona ndoo iliyofunikwa kitambaa kibichi. Hakuhitaji kuifunua. Harufu ilimfikia kabla.

"Hii ya lini?"

"Ya Jumatatu."

"Na imekaa nje ya friji tangu Jumatatu?"

"Anti, ukiitia kwenye friji inalala, haichachi. Wewe mtu wa wapi hujui jambo hili?"

"Keʻanae."

Solomon akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi unajua."

"Najua. Na sheria naijua pia. Imwage."

"Wazee wangu hawali ile ya baridi, Anti. Ukinizuia hii, mgahawa haufiki Krismasi."

"Imwage, kaka."

Solomon aliimwaga mwenyewe, amempa mgongo. Verna akaandika ripoti yake, akatia saini, akaenda kukaa ndani ya gari na kulia. Baadaye aliwaambia watoto wake kwamba kama angeinyamazia ile ndoo kwa sababu tu ilinukia jikoni kwa mama yake, asingekuwa na uso wa kumfungia jiko mtu mwingine yeyote mjini.

Hakuishia kulia. Jumamosi alinunua magimbi sokoni kwa Wafilipino, akayachemsha, akayaponda kwenye chumba chake cha kupanga, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama amehamia fundi seremala. Aliazima kipimo cha asidi maabara. Kwa wiki tano aliponda upya, akapima asubuhi, mchana na jioni, akaandika. Kila poi, kabla siku ya pili haijaisha, ilikuwa imechacha kiasi ambacho vijidudu vya kumwangusha mtu haviwezi kuzaliana ndani yake. Aliandika kurasa kumi na saba, akazipeleka kwa mkuu wake, Bwana Lindqvist, pamoja na bakuli.

Bwana Lindqvist akaonja. "Inafanana na gundi."

"Ni gundi salama, bwana. Soma ukurasa wa tisa."

Akasoma. Akakumbuka kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa akiweka kabichi iliyochacha kwenye stoo majira yote ya baridi, na hakuna aliyekufa. Kibali cha kuichachisha nje ya friji kilitoka Alhamisi tarehe 15 Desemba 1983, kwa sharti kwamba kila ndoo ipimwe na kuandikwa. Verna alikipeleka kwa mkono wake. Siku hiyo hiyo aliomba ukaguzi wa mgahawa ule apewe mwenzake. Barua ya kumkubalia ilipofika ndipo aliporudi, amevaa gauni, akakaa mezani kama mteja, akaagiza poi ya siku ya tatu na samaki mbichi wa chumvi, akalipa kabla ya kula.

Solomon alisimama kando yake. "Ikoje?"

"Ingengoja siku moja zaidi."

"Nilikuwa nayo iliyokuwa ikingoja, mama. Wewe ukaimwagisha."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Julai 1985, wakajaliwa watoto wawili, Nohea na Ezekiel. Mgahawa ule ulijaa. Watu wa kwetu waliotawanyika walipata namba ya nyumbani, wakawa wanapiga simu kutoka Chicago, Dallas, hata Ujerumani, kumuuliza Anti wakale wapi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Usitazame mnazi uliochorwa ukutani. Uliza kama wana poi ya juzi. Wakishangaa, aga kwa adabu uondoke." Alistaafu mwaka 2011 na kuendelea kuinama chini ya meza za watu, bila mshahara.

Agosti 2023 madaktari walimgundua kuwa na kansa ya kongosho. Dawa zilimharibia ulimi, kila kitu kikawa na ladha ya chuma, naye akasema hilo ndilo lililomuudhi kuliko ugonjwa. Katikati ya Januari iliyofuata alisikia kuna mgahawa mpya wa chakula cha kwao umefunguliwa Olympia, mji wa jirani, akataka apelekwe hivyo hivyo na kiti chake cha magurudumu. Nohea alimwambia, "Mama, husikii ladha ya chochote." Akajibu, "Pua bado ni yangu."

Mpishi alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, jina lake Kuʻulei. Alimwekea laulau, yaani samaki na nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa majani ya magimbi na kupikwa kwa mvuke mpaka majani yakalegea. Anti Verna aliinamia mvuke ule kwa muda mrefu, macho amefumba. Akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Nohea akaona mama yake anafikia sahani ya kwake.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu, Anti. Alikuja huku zamani, akafia huku." Binti akasita. "Lakini mimi nimezaliwa hapa. Visiwani sijawahi kufika."

Mwanamke aliyetumia nusu karne kuuliza chakula kimetoka wapi na kina siku ngapi akamshika mkono. "Umefika, mwanangu," akasema. "Umefika."

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, mumewe akimsugua miguu.

Ameacha mume, Solomon; binti yake Nohea na mumewe Craig; mwanawe Ezekiel; wajukuu watatu, Makoa, Hester na Iolana; na dada yake Miriama, aliyevuka bahari kuja kumsindikiza. Bwana Solomon ameomba iongezwe sentensi moja, nayo inasomwa kama alivyoitamka: katika miaka thelathini na minane ya ndoa, mke wake hakumdanganya hata mara moja, hata zile siku alizomwomba amdanganye kidogo.

Anti Verna, pumziko lako na liwe la amani.