Muzee Aliyekalia Nyavu

Wasikilizaji wapendwa, hamujambo huko muliko. Punguzeni moto chini ya sufuria, musogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mutu wa mtaa wetu wa Keshero ambaye hakufunga goli hata moja maishani mwake. Hakuwa mchezaji. Hakuwa kocha. Alikuwa shabiki, na alikuwa mutu wa nyavu. Jina lake Zihindula. Muzee Zihindula, mutu wa nyavu za Keshero, alituaga Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Kama uliwahi kupita uwanjani Keshero siku ya mechi, ulimwona. Kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, gunia begani. Ndani ya gunia, nyavu mbili za goli. Alizifuma mwenyewe kwa kamba za wavuvi. Alizifunga mwenyewe kwenye miti ya goli kabla ya mechi, akazishusha mwenyewe baada ya mechi, akarudi nazo nyumbani. Mutu mwingine hakuzigusa. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba mafundo yale ni mabishi, yanamsikiliza yeye tu.

Lakini hakuanza na nyavu. Alitoka upande wa Bukavu akiwa kijana, akapata kazi ya karani katika ofisi moja ya boti hapa Goma. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Mwaka wa 2002, mwezi wa kwanza, mulima ukapasuka, lava ikashuka hadi katikati ya mji. Zihindula akachukua mke na watoto, wakaenda kwa miguu hadi Sake. Aliporudi, alikuta ofisi imekwisha kufunguliwa na kiti chake kina mutu mwingine. Alikuwa amechelewa siku tatu. Siku tatu tu, wasikilizaji. Waliowahi kurudi walibaki na kazi zao, yeye akaambiwa asante.

Mke wake, Mama Marcelline, anaikumbuka vizuri siku ile. "Aliingia, akavua shati. Kesho yake akashuka ku ziwa, akaomba wavuvi bamufundishe kushona nyavu. Ndiyo vile tulilisha batoto."

Kwa kamba zilizobaki akafuma nyavu za goli. Timu yetu ya Keshero ilikuwa inacheza kwenye miti mitupu, na kila goli lilileta ugomvi: mpira umeingia, haujaingia. Tangu siku hiyo akawa na ndoto moja tu, kuiona Keshero inapanda daraja. Mwaka wa 2012 waasi walipoingia mjini na risasi zikilia, majirani walibeba magodoro. Yeye alibeba gunia la nyavu zake, au filé kama tunavyosema hapa. Mama Marcelline hajamsamehe mpaka leo. "Masasi inalia, na mutu anabeba filé," anasema, huku anacheka na kupangusa macho.

Sasa tufike kwenye ile wikendi. Mei 2021. Mechi mbili za barrage, yaani mechi za kuamua nani anapanda na nani anabaki. Keshero na Munigi. Jumamosi mechi ya kwanza, Jumapili mechi ya pili. Jumamosi Keshero ikashinda, bao moja kwa bure, yaani kwa sifuri. Muzee akashusha nyavu zake akiimba. Alikuwa amengoja miaka kumi na tisa, na ilibaki siku moja.

Jioni ileile mulima ukapasuka tena.

Safari hii moto haukufika Keshero. Ulishuka upande wa Munigi, ukameza nyumba na mashamba. Watu wakatawanyika, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine ng'ambo ya mpaka. Mechi ya pili ikangoja wiki saba. Muzee alikuwa akisema hiyo ndiyo wikendi ndefu kuliko zote alizoishi, maana Jumamosi yake ilikuwa mwezi wa tano na Jumapili yake mwezi wa saba.

Jumapili hiyo ikafika. Uwanja wa Munigi ulikuwa umejaa mahema, kwa hiyo mechi ikaletwa Keshero. Saa tisa ndiyo ilikuwa saa ya kuanza. Saa tisa Keshero wote wapo, wamevaa, wanaruka-ruka. Munigi wako sita. Sita tu, na mmoja amevaa viatu vya kwenda misa. Kapteni wao, Théogène, akaeleza kwamba wengine wako njiani kutoka Sake, juu ya lori la kabichi.

Sheria ilikuwa wazi. Refa anaingia, anahesabu nusu saa, na timu isiyotimia inapoteza. Keshero wangepanda daraja bila kutoa jasho. Rais wa timu, Papa Édouard, alikuwa amekwisha kuagiza ngoma. Lakini refa hahesabu kitu kama uwanja hauko tayari. Na uwanja hauko tayari kama magoli hayana nyavu.

Papa Édouard akageuka, akamtafuta muzee wa nyavu. Akamkuta katikati ya uwanja. Ameweka gunia chini, na amekaa juu yake.

Binti yake Aurélie alikuwa pale. "Papa Édouard alimuambia, muzee, simama, funga filé, tupande. Papa yangu akamujibu, nitaifunga, batu ya Munigi bakifika. Batu wakaanza kupiga kelele. Miye nilitaka kujificha."

Refa naye akakasirika. Akatoa neno: nyavu zisipokuwa juu saa kumi kamili, ni Keshero watakaopoteza. Mumeona hapo, wasikilizaji? Muzee aliweka hatarini timu yake mwenyewe. Na alijua. Baadaye alimwambia mke wake kwamba alitaka kupanda daraja kuliko wote waliokuwa wanamfokea. Lakini kila alipotaka kusimama, aliona kiti cha ofisi ya boti na mutu mwingine amekikalia. Kwa hiyo akabaki chini.

"Muzee, wewe ni mutu wa Keshero ama wa Munigi?" Papa Édouard akamuuliza mbele ya watu wote.

"Mi ni mutu wa mupira," akajibu. "Bale batu balikimbia moto, hawakukimbia siye. Acha bafike."

Saa kumi kasoro dakika kumi, lori la kabichi likaingia. Vijana watano wakaruka chini, Munigi wakatimia kumi na moja. Muzee akainuka, akapangusa suruali, akafunga nyavu zake kwa dakika nane. Dakika nane, vidole vya miaka karibu sabini.

Munigi wakashinda mawili kwa bure. Munigi ndio waliopanda. Keshero wakabaki pale walipokuwa.

Muzee akashusha nyavu, akaenda nyumbani, akala sahani mbili za fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akalala vizuri. Mtaa haukulala vizuri. Zaidi ya mwaka mzima Papa Édouard hakumsalimia, na kanisani, wakati wa kupeana amani, alikuwa akimpa vidole viwili tu. Muzee alivipokea vyote viwili. Na kila aliyemuuliza kwa dharau alama za mechi ile zilikuwa ngapi, alijibu bila kuinua macho kwenye nyavu zake: "Kumi na moja kwa kumi na moja."

Tulimzika Ijumaa. Théogène na wenzake wa Munigi walifika kabla hata ya shemeji za muzee. "Ile siku tulichelewa, akatungojea," Théogène alisema. "Leo tumefika asubuhi." Ndio waliobeba jeneza.

Kwa Mama Marcelline, kwa Aurélie na ndugu zake, kwa familia yote hapa na upande wa Bukavu: poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Na wewe unayetusikiliza, fikiri kidogo leo. Kuna mutu yuko njiani, amechelewa, na si kwa kupenda. Pengine wewe ndiye unayeshika saa.

Tumalizie na mpira, maana muzee asingekubali tumalize na machozi. Wikendi hii iliyopita Keshero walikuwa tena kwenye barrage, siku moja baada ya kumzika. Papa Édouard ndiye aliyekwenda kuomba nyavu kwa Mama Marcelline, kofia mkononi. Jumapili, timu ya wageni ikakwama barabarani. Ilipofika saa tisa walikuwa watano tu. Refa akaangalia saa yake. Watu wakamwangalia Papa Édouard, yuko na gunia begani.

Akatembea hadi katikati ya uwanja. Akaweka gunia chini. Akakaa juu yake.

Mumepiga simu nyingi tangu asubuhi, munauliza mechi iliishaje. Sisi tutawapa alama za kuanzia, kama vile muzee angezitoa mwenyewe. Kumi na moja kwa kumi na moja.