Flashi Nyekundu ya Dada Chapa

Kijiwe cha mbele ya kinyozi hakina adabu: ukileta kidonda, kila mtu anataka kukitia kidole. Leo kidonda ni kompyuta ya Dada Chapa, anayechapia watu barua na maombi ya kazi kwenye kibanda cha jirani. Windows yake imechoka, inawaka kwa kujivuta, na wateja wamehamia ng'ambo ya barabara. Ameapa leo anahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao fundi wa kompyuta alishamwekea kwenye flashi. Ikishindikana, anafunga kibanda, anarudi kwa kaka yake kulea watoto wa wifi. Hilo hataki, hataki kabisa! Tangu asubuhi amejibanza kwenye kaunta ya kinyozi, penye umeme, anawasha na kuzima.

— Imeandika nini? akauliza Dereva, kikombe cha kahawa mkononi.

— Yale yale. Haioni mfumo wa kuwashia.

— Windows imejua inaachwa, imefunga mlango kwa ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nimeinama mpaka mgongo unauma! Nimeiambia ianzie kwenye flashi, imekubali.

— Flashi ina baridi, akasema Fundi Saa. Iweke kwapani kidogo.

— Kwapani? Ebo!

— Saa nazifufua hivyo hivyo.

Kinyozi akainua mashine yake ya kunyolea.

— Linux inaogopa mwanga. Subiri giza. Nyani haoni kundule.

— Nyani kaingiaje hapa, kaka?

— Basi ni mwezi, akasema Dereva. Mwezi ukiwa mchanga, mashine hazihami.

Dada Chapa alitaka kulia. Akabonyeza kitufe tena.

— Semeni mpaka jioni. Mimi kwa wifi sirudi.

Ndipo akaingia mteja mgeni, akakaa kitini, akaangaza huku na huku.

— Kinyozi, mbona redio yako haiimbi?

— Imegoma tangu asubuhi. Nimechomeka flashi ya nyimbo, haitoi hata...

Akageuka kuitazama redio. Kijiwe kizima kikageuka naye. Kwenye redio kulikuwa na flashi nyekundu. Kwenye kompyuta, flashi nyekundu. Zote zilinunuliwa kwa mchuuzi mmoja, na asubuhi zote zilikuwa kwenye kaunta ile ile. Dereva akaweka kikombe chini, akasogea kutazama.

Dada Chapa akachomoa ya redio, akaichomeka kwenye kompyuta, akabonyeza. Kioo kikajaa rangi, kikamuuliza anataka lugha gani. Machozi yakamtoka, na hakujali nani anamwona.

— Kaka, shika nyimbo zako, weka sauti juu. Na nani hapa ana salio kwenye simu? Nataka kumwambia wifi atafute yaya mwingine.