Tambara la Bluu na Mishale Iliyolala

Hebu niambie: mishale yote ya dashibodi ya gari ikilala na taa zote zikizimika kwa mpigo mmoja, utamlaumu nani? Kwenye benchi lililo nje ya duka langu la kutoa kopi, jibu lilishapatikana: mke. Dereva, ambaye teksi yake imeegeshwa hapo mbele, yuko kikombe cha tatu cha kahawa akisimulia jinsi mkewe alivyofuta dashibodi kwa tambara bichi Jumatatu asubuhi. Tangu siku hiyo geji ya mafuta imelala, ya joto imelala, hata taa nyekundu ya oili haiwaki akifungua swichi. Walirushiana maneno, mke akaenda kwa dada yake. Leo Alhamisi, saa kumi jioni, wazee wa pande zote mbili wanakutana ili mwanamke aombe radhi.

Wa kwanza kutoa uchunguzi ni Injinia, cheo alichokipata kwa kuziba pancha.

— Maji yameingia kwenye ubongo wa gari. Ubongo ukilowa, gari linasahau.

— Linasahau nini? akauliza Kamanda, mlinzi mstaafu wa ghala.

— Kila kitu. Lina mafuta kiasi gani, lina joto au halina.

— Mbona kuwaka linawaka?

— Kuwaka ni mazoea.

Kamanda akatikisa kichwa kwa huruma.

— Tambara lilikuwa la rangi gani?

— Bluu, akasema Dereva.

— Basi. Limechuja rangi. Bluu inakula waya.

— Waya upi?

— Mwembamba.

Injinia hakukubali kupitwa.

— Huenda hata tambara halina kosa. Kuna watu wana umeme mwilini. Shemeji akikaa karibu na simu yako, haikatiki?

Dereva akafikiri.

— Inakatika. Hasa akiniuliza niko wapi.

— Umeona? Mshale wa geji ni kitu chepesi. Mwenye umeme akiununia, unalala.

— Wazee waliandike hilo leo, akasema Kamanda. Akae mita tatu kutoka kwenye dashibodi.

— Mita tano siku akiwa amekasirika, akasema Injinia.

Dakika arobaini zilipita hivyo, na hakuna aliyeinama kuchungulia chini ya usukani. Kuinama ni kazi, na kahawa ilikuwa bado ya moto.

Ndipo mkewe akatokea na mfuko wake wa nguo, yuko njiani kwenda kikaoni. Hakukaa.

— Shikamoo, Kamanda.

— Marahaba, shemeji. Tulikuwa tunakutaja kwa wema.

Mwanamke akaingiza mkono garini, akafungua redio. Ikaongea vizuri tu. Akaizima, akamgeukia mumewe.

— Redio hii ilikuwa imekufa mwezi mzima. Nani kaifufua?

Injinia akaanza kuchunguza masalia ya kahawa chini ya kikombe.

— Redio ni redio, akasema Dereva. Geji ni geji.

— Sikuuliza hilo. Jumapili mlijazana humu mnasikiliza mpira, nikawasikia kutoka jikoni. Mimi tambara nimelishika Jumatatu. Nani kaifufua?

— Shemeji, akaingilia Kamanda, mambo ya umeme ni mapana sana…

— Kamanda, wewe ndiye uliyemshikia tochi.

— Tochi nilishika. Nilichokimulika sikukiangalia.

Mwanamke akaweka mfuko chini.

— Sawa. Saa kumi nitakuwa mbele ya baba yangu. Nifundisheni, ninyi mnaojua magari. Niombe radhi kwa lipi?

Injinia akasema kuna pancha inamngojea, lakini hakunyanyuka. Na Dereva akapangusa midomo mara mbili pasipo haja.

— Fyuzi ya redio ilikuwa imeungua, akasema kwa sauti ya chini. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa. Nikachomoa ya dashibodi, nikaipachika kwenye redio.

— Sauti hiyo baba hataisikia.

— Nilichomoa mimi. Mpira ulikuwa umeshaanza.

— Na lini ulijua kwamba ndiyo iliyolaza mishale?

Dereva akamtazama Kamanda, Kamanda akatazama barabara.

— Jumanne, akasema. Lakini wazee walikuwa wameshaitwa.