Hukumu ya Ukuta wa Kakanda

Wapadri wetu, wamama na wababa, wandugu wote wa kilio, familia imenituma mimi Marcelline, mtoto wake wa tatu, nisome maisha ya baba yetu Damas Mukalayi, na mnisamehe nikikwama, kwa maana kuna mahali ambapo hata na miaka yangu miwili ya droit, masomo ya sheria, kule kampasi ya Lubumbashi, bado sielewi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 Kakontwe, baba yake akivunja mawe ya chokaa, akasoma kwa mapadri hadi 1945, akajifunza umasoni, yaani uashi, miaka mitatu, akafanyia wengine kazi hadi 1968, mwaka aliponunua mashini yake ya kukoroga simenti, ile betonieri, akasimama peke yake na mafundi wanne. Tarehe 6 Agosti 1955 alifunga ndoa na mama yetu Alphonsine, wakapata watoto saba, sita tuko hapa.

Mwaka 1970 kampuni moja ya ujenzi, familia imenikataza kutaja jina lake na ninalimeza, ilimpa kazi ya ukuta wa kuzuia udongo huko Kakanda. Mvua za Februari 1971 zikaupasua, kampuni ikasema simenti yake ni mbaya, ikaifungia betonieri ndani ya uwanja wake, ikakataa kutia saini karatasi ya kupokea kazi, na bila karatasi hiyo mason hapewi tena kazi kubwa. Mkataba ulisema wakigombana, injenia waliyekubaliana ndiye atakayeamua, na injenia Nicolas, Mbelgiji, akaukagua ukuta, akaandika tarehe 19 Mei kwamba baba hana kosa, kampuni yenyewe ndiyo iliyokataza matundu ya kutolea maji, basi irudishe mashini na ipokee kazi, ndani ya siku kumi na tano.

Sasa sikieni kosa letu, sisi wa nyumba hii: tulitoa misa ya shukrani, tukala mbuzi, tukaitia karatasi ya injenia katika kioo, tukaitundika salon, pale sebuleni, na baba akakaa akingoja, kwa kuwa neno lilikuwa limekatwa, wala hakuna aliyetuambia kwamba karatasi ile haimlazimishi mtu mpaka tribinali, yaani mahakama, iipe nguvu. Alipoipeleka tribinalini Novemba 1972, majina ya ubatizo yakiwa yamekatazwa na serikali na kitambulisho chake kikiwa na jina jipya, karani akamuuliza, "Damas ni nani? Mu Zaïre hakuna tena ba-Damas, baba!" akamtuma kwa injenia abadilishiwe jina kwenye karatasi, na injenia alikuwa amekwisha kurudi kwao. Akaenda na kurudi karibu miaka kumi na moja, mtaani wakimwita Papa Ukuta, wakimpa vibanda vya kuku kujenga, yeye aliyeshinda! Au alishinda nini? Mnieleze.

Tarehe 8 Septemba 1983, baada ya mashahidi wawili kuapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, hakimu aliupa uamuzi nguvu, kampuni ikaomba muda, ikapewa, na baba akashikwa na mapafu mwezi wa Oktoba, akatuacha hospitalini Alhamisi tarehe 2 Februari 1984, saa tisa mchana.

Jana, nyinyi mkiwa mmekaa, huissier, mtekelezaji wa hukumu za tribinali, papa François, aliingia na lori, akateremsha betonieri yenye simenti iliyokauka ndani, akasema, "Mwenyewe iko wapi? Anapashwa kusaini." Mama akamjibu, "Ingia, papa, iko mu salon, umuombe ye mwenyewe." Akaingia, akavua kofia mbele ya jeneza la baba, akakawia, akatoka bila saini. Nilipomuuliza ile karatasi ya kupokea kazi, alisema kampuni ilifungwa tangu Desemba, hakuna tena mtu wa kuitia saini. Sijui kama jana tulishinda, sijui tulie mara mbili au tushukuru.

Tunashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na makaa, na wenzake wa kazi, hasa fundi Barnabé, ambaye Jumapili iliyopita alifika Kakanda, akakuta ukuta umetobolewa yale matundu, na umesimama.

Basi, baba, kwa kuwa wenye kutia saini wamekwisha, sisi watoto wako sita, mbele ya watu hawa wote, tumeikagua kazi yako na tumeipokea bila sharti. Pumzika, Damas, kwa amani.