Kwa Nini Bibi Tiketi Karudi

Benchi langu lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia akili zao ndivyo zilivyo. Liko kando ya kibanda cha kinyozi, limeegemea ukuta wa jumba la maonyesho, na kahawa inayonywewa hapo ni yangu. Ndiyo maana wananiita Mama Birika, na ndiyo maana nina haki ya kuwasema. Wiki ya tatu sasa hawana habari nyingine ila lile igizo la nyimbo, Kituo cha Mwisho, sehemu ya pili. Kwa asiyelijua: katika sehemu ya kwanza Mkuu wa Kituo cha treni anaachwa na mkewe, mkata tiketi wa kituo hichohicho, anayeitwa Bibi Tiketi. Mwanamke anapanda treni ya asubuhi, huyo, kaenda. Katika sehemu ya pili miaka saba imepita, treni inasimama, Bibi Tiketi anashuka na sanduku lake. Mkuu anaimba wimbo mrefu, anafungua mlango, taa zinazimwa. Basi. Watu wazima na ndevu zao wanataka kupigana kwa ajili ya mlango.

Siku hiyo wa kwanza kufika alikuwa Fundi Saa, ambaye meza yake ya kutengenezea saa imepakana na jiko langu. Hakuagiza kahawa. Alinisogezea simu.

— Dada, hebu soma hapa. Usitoe sauti.

Nikasoma. Ujumbe ulitoka kwa mkewe, aliyeondoka miaka minne iliyopita akaenda mji mwingine kukaa kwa dada yake. Maneno yenyewe machache: "Nataka kurudi nyumbani. Nikija Jumamosi utanifungulia?"

— Umemjibu nini?

— Bado. Uliingia jana mchana.

— Jana! Na mpaka saa hizi mwenzio anaitolea simu macho?

— Sasa dada, nitamjibuje mtu sijui anarudi kwa nini? Labda wamemchoka huko. Labda ananihurumia. Nikishaijua sababu, jibu litakuja lenyewe.

Nilikuwa na la kumwambia, tena lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lakini kinyozi akafungua mlango wake na kikao kikaanza. Kinyozi huyu tunamwita Profesa, kwa kuwa hakuna methali asiyoijua na hakuna anayoiweka mahali pake. Nyuma yake akaja Kocha, aliyewahi kufundisha timu ya mtaa mpaka ikashuka madaraja matatu. Mwisho akaja Wakili. Wakili si wakili. Anawapigia watu chapa maombi na barua nje ya mahakama, na tangu hapo anatembea na faili kwapani hata akienda kununua sabuni.

Kocha hakungoja hata kikombe kijae.

— Nimesema na narudia, huyu Mkuu mpya hana pafu! Yule wa sehemu ya kwanza, Bonge, akishika ile sauti ya mwisho unakwenda chooni, unarudi, unamkuta palepale. Huyu mpya nimempima kwa saa. Sekunde kumi na moja, kisha anakohoa, anajifanya analia.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, akasema Profesa.

— Inahusu nini hapo?

— Si Bonge alikuwa mnene?

Wakili akafungua faili, ndani yake hakuna kitu, akalifunga.

— Bonge alikuwa anaimba kama anayenadi mitumba, alisema. Huyu mpya anaigiza na mgongo. Mlimwona mkewe anaposhuka kwenye treni? Anageuka, anawapa watu mgongo, na ule mgongo unalia.

— Mgongo unalia! Lile ni jasho, Wakili. Shati limelowa.

— Jasho la huzuni.

— Ebo!

Fundi Saa alikuwa amefungua saa ya mteja mezani na kibano kiko mkononi, lakini sikumwona akikigusa kitu.

— Acheni migongo, akasema. Semeni jambo moja. Bibi Tiketi karudi kwa nini?

Mimi peke yangu nilijua anauliza nini. Nikataka kuwazuia, lakini nani amewahi kuwazuia hawa? Kocha alishasimama.

— Hilo rahisi. Huko alikokwenda walimweka benchi. Mchezaji akihamia timu kubwa, akaona jina halipangwi, ndipo anaikumbuka timu ya nyumbani iliyokuwa inampa jezi namba kumi. Karudi kwa sababu kakosa namba.

— Kweli kabisa, akadakia Profesa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu kajileta mwenyewe na miguu yake, unataka ushahidi gani?

— Kajileta na treni, nikamwambia. Kunywa kahawa yako.

— Kwa hiyo mumewe hampendi? aliuliza Fundi Saa.

— Mapenzi yanatoka wapi hapo? akasema Wakili. Ninyi hamkulitazama sanduku. Analibeba kwa mkono mmoja! Vitu vya mwanamke, vya miaka saba, mkono mmoja? Lile sanduku tupu. Na mwenye sanduku tupu hajaja kukaa, kaja kuchukua. Halafu kuna kalenda ukutani pale jukwaani. Mimi nilihesabu tarehe. Alibakiza siku moja miaka saba itimie. Angechelewa hiyo siku moja, kituo kingekuwa cha mume peke yake, kisheria.

— Sheria ipi hiyo?

— Sheria ya kawaida.

— Kituo ni cha shirika la reli, Wakili.

— Ndiyo maana jambo limekuwa zito.

Fundi Saa akauliza kwa sauti ya chini kama sanduku kweli lilikuwa jepesi. Nikaona imetosha.

— Ni sanduku la maigizo! nilisema. Wanatia nini, matofali?

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama Profesa, ambaye ameinua kidole.

— Mnapoteza muda. Aliyerudi siye.

— Siye nani?

— Siye Bibi Tiketi. Ni pacha wake. Mimi nimenyoa vichwa miaka ishirini, uso unadanganya, kisogo hakidanganyi. Bibi Tiketi wa kwanza kisogo chake kina bonde. Huyu wa sasa kisogo tambarare. Tena wa kwanza alikuwa anaimba juu kule, huyu sauti iko chini.

— Profesa, nikamwambia, ni mwigizaji mwingine. Yule wa kwanza yuko likizo ya uzazi.

— Si unaona? Wameficha mpaka mtoto!

Kocha akacheka mpaka kahawa ikampalia, kisha, badala ya kuaibika kwa niaba ya mwenzake, akatoa yake.

— Mimi nimelala nikaamka nalo hili. Hakuondoka. Treni ilipokwenda alikuwa ameshateremkia upande wa pili. Miaka saba alikuwa stoo ya kituo, anakula mikate ya abiria. Ndiyo maana aliporudi hakuuliza taa iko wapi, alinyoosha mkono akawasha.

— Na asipige hata chafya miaka saba?

— Treni zina kelele.

— Stoo gani, akasema Wakili. Hamkuona treni ilifika saa ngapi? Saa sita kamili, haikukosea hata dakika. Treni gani ya duniani inafika kwa wakati? Ile ya ahera. Mkuu amekufa tangu wimbo wa pili. Wote wamekufa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Profesa akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Fundi Saa akagonga meza kwa kiganja. Skrubu ndogo za saa ziliruka.

— Mimi nimelipa tiketi mara tatu! Mara tatu nimekaa kiti cha mbele nikimtazama yule mwanamke usoni, niione sababu. Sijaiona! Nawauliza ninyi mnaleta mapacha na maiti. Mtu akirudi, mwenzake si ana haki ya kujua anarudi kwa nini?

Benchi zima likamgeukia. Hawakuzoea Fundi Saa apandishe sauti, ni mtu wa kuongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Ndipo mwenye saa ile akakohoa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, nywele za mvi zimekatwa fupi, amekaa kwenye kigoda akingoja betri ibadilishwe. Kwa kelele zetu tulikuwa tumemsahau.

— Shikamoo mama, alisema Kocha kwa aibu. Tuwie radhi, tunakupigia makelele.

— Marahaba wanangu. Mimi hiyo shoo sijaiona. Ila nimelinda geti la reli miaka ishirini na sita, mtu akitaja treni masikio yangu hayawezi kulala. Naomba kuuliza kidogo tu.

— Uliza mama.

— Siku ile mke anaondoka, bendera ya kijani alipeperusha nani?

— Bendera gani tena?

— Treni haitoki kituoni hivihivi, mwanangu. Dereva anamtazama mkuu wa kituo. Mkuu asipopeperusha bendera, treni italala hapohapo, hata awemo nani.

Wakatazamana. Kocha alijikuna shingo.

— Alipeperusha mwenyewe. Bonge. Nakumbuka, alipeperusha kwa mdundo wa ngoma, ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

— Alikuwa anajua mkewe yumo?

— Anajua, mama. Walikuwa wanatazamana. Mke dirishani, yeye hapa chini.

— Alimwambia asiende?

Wote tukamgeukia Wakili, maana nyimbo za sehemu zote mbili anazijua kwa moyo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inachezacheza.

— Ubeti wa kwanza anataja ratiba, alisema. Wa pili anamwambia afunge dirisha, kuna vumbi. Wa tatu...

— Wa tatu?

— Wa tatu ni ratiba tena.

— Sasa, akauliza yule mama, alipeperusha kwa nini?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza tu, mtu aliyefanya kazi ile na anataka kuelewa. Profesa nilimwona anatafuta methali, nikaona mdomo unafunguka, ukafunga. Miaka yote niliyomjua, sijawahi kumwona akikosa.

Fundi Saa akaweka kibano chini.

— Mimi nilimbebea cherehani, akasema.

— Ulimbebea nani? aliuliza Kocha. Si tunasema Mkuu wa...

— Nyamaza wewe, nikamwambia.

— Aliniambia, naondoka. Nikamwambia, haya. Nikambebea cherehani yake mpaka kwenye gari. Nikaifunga kamba mwenyewe, nikamsisitiza dereva aende polepole kwenye mashimo isije ikavunjika. Nilitaka aone kwamba sijali. Alikaa dirishani ananitazama. Muda mrefu, jamani. Na mimi nikapiga bodi ya gari na kiganja, mara mbili, kama utingo. Pa, pa. Twende. Jambo hili nimejisifia nalo miaka minne, eti sikubembeleza mtu.

Hakuna aliyemcheka. Hata mimi, ambaye tangu asubuhi nilitaka kumpasha, nilimwonea huruma. Akachukua simu, akawaambia mkewe kamwandikia jana kwamba anataka kurudi.

— Anza na kumbukumbu, alinong'ona Wakili. Andika, "Rejea ujumbe wako wa jana, husika na kichwa cha habari..."

— Wakili!

— Haya, nimenyamaza.

Fundi Saa akaandika kwa kidole kimoja cheusi kwa mafuta, anafuta, anaandika. Mikono inayopachika skrubu zisizoonekana kwa macho ilikuwa inakosea herufi. Alipomaliza alinionyesha mimi. Ilikuwa imeandikwa: "Njoo. Ile siku sikutaka uende. Kilikuwa kiburi tu." Nikaitikia kwa kichwa. Akatuma.

Jibu halikuchukua hata dakika. Akalisoma kwa sauti, nadhani bila kukusudia.

— "Nani kakuandikia?"

Benchi likalipuka. Kocha alijipiga mapaja, Profesa alishika ukuta, hata yule mama wa reli alijifunika mdomo na khanga mabega yakimtikisika. Fundi Saa hakucheka. Aliandika neno moja, na kwa vile nilikuwa nimeinama begani kwake nililiona: "Mwenyewe."

Simu ikaita.

Akasimama, akageukia ukuta wa jumba la maonyesho, akaipokea. Hakusema haloo. Nikasikia tu: "Nipo. Nakusikia. Hapana, usikate." Na wale watatu, bila haya, wakainama wote upande mmoja na masikio mbele.

Nikawapokonya vikombe.

— Kahawa imekwisha. Nendeni makwenu.

— Mama Birika, hilo birika linatoa moshi!

— Nimesema imekwisha!

Wakaondoka wananung'unika, Kocha akigeuka kila hatua mbili. Yule mama akabaki, kwa sababu saa yake ilikuwa bado imefunguliwa mezani. Nikammiminia kikombe. Akakipokea, akakigeuza kigoda chake akampa Fundi mgongo, nami nikafanya vivyo hivyo, tukakaa tunatazama barabara, mwenzetu alie kwa nafasi.